Ngisi wakubwa wa kilindini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Juni klabu yetu ya sayansi hapa Mbeya humpasua ngisi mmoja hadharani, Jumamosi asubuhi, kwenye meza iliyotandikwa nailoni. Wanakuja wanafunzi, wazazi, na watu waliokuwa wanapita tu wakavutwa na harufu. Tangu video za ngisi wakubwa zianze kuzunguka kwenye simu, maswali yamekuwa mengi kuliko muda, na mengi yanajirudia. Mimi ndiye mwalimu wa baiolojia ninayeshika kisu. Nimeyakusanya hapa ili mtu akiuliza nimwelekeze, nami nipumzishe koo. Sikuyapanga kwa umuhimu. Yako kama yanavyokuja.

Ngisi ni samaki?

Siyo. Hana uti wa mgongo, hana magamba. Yuko ukoo mmoja na pweza na dome, na ndugu zake wa mbali ni konokono, pamoja na yule anayekutafunia mchicha bustanini.

Yule mkubwa wa kwenye video ni ngisi gani hasa?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya, kwa sababu wakubwa wako wawili. Kiswahili hakina majina yaliyozoeleka ya kuwatofautisha, kwa hiyo klabuni tumejitungia yetu. Wa kwanza tunamwita ngisi jitu, kisayansi *Architeuthis dux*. Huyu ni mrefu: jike aliyekomaa hufika mita 12 hivi, lakini sehemu kubwa ya urefu huo ni minyiri miwili myembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Wa pili tunamwita ngisi dubwana, *Mesonychoteuthis hamiltoni*. Huyu si mrefu kiasi hicho, ila ni mnene na mzito, na anaishi kwenye bahari ya baridi inayozunguka Antaktika.

Ukitaka kuwatofautisha kwa haraka, angalia silaha. Ngisi jitu ana vikombe vya kunatia vyenye duara la meno madogo pembezoni, kama kizibo cha soda. Ngisi dubwana ana vikombe pia, lakini ameongezewa kulabu, na zile za kwenye ncha za minyiri zinaweza kuzunguka. Samaki akinaswa pale, kujinyonganyonga hakumsaidii, kwa sababu kulabu inazunguka pamoja naye.

Maswali mengi tunayopokea ni ya ngisi dubwana wa kilo 495, kwa hiyo kurasa nyingi hapa ni zake.

Alipatikanaje?

Kwa bahati, tena bahati mbaya kwake. Februari 2007 meli ya uvuvi ya New Zealand iitwayo San Aspiring ilikuwa Bahari ya Ross, huko Antaktika, ikivua kwa mishipi mirefu yenye ndoano nyingi. Walikuwa wanatafuta samaki wakubwa wa maji ya barafu. Samaki mmoja alipokuwa anavutwa juu, ngisi alikuwa amemng'ang'ania, anamla, na hakutaka kumwachia. Akapanda naye mpaka juu ya maji. Wavuvi walihangaika kama saa mbili kumwingiza melini kwa wavu, na kwa bahati nzuri hawakumkatakata wala kumtupa. Wakamgandisha mzima mzima.

Mimi huwa nawasifu wavuvi wale kuliko mtu yeyote mwingine katika habari hii. Mvuvi analipwa kwa samaki. Nusu tani ya kitu kisichouzika inachukua nafasi ya samaki kwenye friza.

Kilo 495 ni nyingi kiasi gani?

Magunia matano ya mahindi, yale ya kilo mia, upunguze kilo tano tu. Hakuna mnyama asiye na uti wa mgongo aliyewahi kupimwa akamzidi uzito.

Mbona ilipita zaidi ya mwaka ndipo wakamchunguza?

Kwa sababu kumyeyusha ndiko kulikuwa kugumu. Naomba uniruhusu nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza wa klabu, ngisi wetu alifika asubuhi kwa basi la usiku kutoka Dar, amegandishwa kama tofali. Mimi nilikuwa nimeshawaita wazazi saa nne. Saa tatu bado ukimgonga mezani analia ko! ko! Nikachemsha maji, nikammwagia. Baada ya dakika chache mikono yote minane ilikuwa imejikunja, imekuwa mieupe, imeiva. Kiwiliwili, pale kwenye mambo yote ya maana, bado kilikuwa barafu. Tulipomfungua kwa nguvu, kifuko cha wino kikapasuka vipande vya barafu nyeusi. Mwanafunzi mmoja akanong'ona, lakini nikamsikia, "Mwalimu kapika."

Sasa wazia kosa hilo kwa mwili wa kilo 495. Nje ni laini na nyembamba, ndani ni nene. Ukimwacha ayeyuke mwenyewe hewani, minyiri na ngozi vinaanza kuoza wakati moyo wa barafu uko palepale. Watu wa jumba la makumbusho la Te Papa, mjini Wellington, walilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Lilitajwa hata wazo la mikrowevu kubwa ya kiwandani. Mwishowe, Aprili 2008, walichagua njia ya subira: wakatengeneza tangi kubwa, wakalijaza maji ya chumvi yenye baridi kali, wakamtumbukiza na kumwacha ayeyuke polepole. Chumvi inafanya maji yabaki maji hata yakiwa baridi sana, kwa hiyo nje haiozi wakati ndani kunayeyuka.

Kazi hiyo iliongozwa na wataalamu wa ngisi kama Steve O'Shea na Kat Bolstad, na Tsunemi Kubodera akatoka Japani kuja kushiriki. Ilirushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Kwa hiyo kulikuwa na watu dunia nzima waliokesha wakitazama barafu ikiyeyuka. Si kichekesho. Mimi nami ningekesha.

Watu wa makumbusho huko London walikutana na tatizo hilohilo kabla yao. Ngisi jitu wao wa mita 8.62, aliyenaswa karibu na visiwa vya Falkland mwaka 2004, alipoyeyushwa walilazimika kuizungushia minyiri barafu ili isiharibike wakati kiwiliwili kinasubiriwa. Siku hizi nasi tunafanya hivyohivyo kwa ngisi wetu wa nusu kilo.

Mwanzoni walisema mita 10, halafu ikawa mita 4.2. Wanasayansi walidanganya?

Hapana. Mita 10 ilikuwa makadirio ya pale melini, mtu anatazama kitu kinachoteleza kikiwa nusu majini, upepo wa Antaktika unampiga usoni. Mita 4.2 ni kipimo cha baada ya kuyeyuka, mezani. Na katikati hapo minyiri ilikuwa imesinyaa.

Urefu wa ngisi ni jambo la kuhadaa. Minyiri yake ni kama mpira wa manati: ukiivuta inarefuka, ukiiacha inarudi, ikikaa kwenye dawa inasinyaa. Watu wawili wanaweza kumpima ngisi mmoja wakatofautiana mita kadhaa, na wote wakawa waaminifu. Ndiyo maana wataalamu hupima kiwiliwili peke yake, kile kifuko cha nyama kisicho na mikono. Kwa kipimo hicho ngisi jitu, pamoja na sifa zake zote za urefu, hazidi sana mita mbili na robo. Ukisoma mahali kwamba ameonekana ngisi wa mita 18 au 20, uliza kwanza alipimwa vipi, na nani alikuwa ameshika upande wa pili wa kamba.

"Mwalimu, katika hizo kilo, maji ni kiasi gani?"

Swali hili liliulizwa na mama mmoja anayeuza samaki wakavu Mwanjelwa. Alikuja kumfuata mwanawe, akakaa mpaka mwisho. Nikamjibu, "Mama, umeuliza swali la kitaalamu." Akasema, "Nauliza swali la mizani, mwalimu. Samaki akikauka ndiyo unamjua."

Ana haki. Ngisi dubwana ni mnyama wa rojorojo kwa sehemu kubwa, na maji yamemjaa. Tena si maji matupu. Ngisi wengi wa kilindini, wakiwemo hawa wakubwa wawili, wamehifadhi mwilini chumvi za amonia, ambazo ni nyepesi kuliko chumvi ya bahari. Hizo ndizo zinazomfanya aelee bila kuogelea muda wote. Samaki wengi wana kibofu cha hewa kwa kazi hiyo. Yeye anaelea kwa amonia.

Hilo linajibu pia swali linalofuata kila mara, kama analiwa. Nyangumi anamla bila shida. Wewe ungekuta nyama inayonuka choo cha stendi. Na kwa kaka zangu wanaouliza, kwa sauti ya chini baada ya watoto kuondoka, kama supu yake inazidi ile ya pweza: hapana, kaa na pweza wako.

Kweli jicho lake ni kubwa kuliko mpira wa miguu?

Ndiyo. Jicho la yule wa kilo 495 lilikadiriwa kuwa na kipenyo cha sentimita 27 alipokuwa hai. Mpira wa miguu una kama 22. Lenzi yake ilikuwa kama chungwa. Hakuna jicho kubwa zaidi linalojulikana kwa mnyama yeyote aliye hai leo, hata nyangumi bluu aliye mkubwa kuliko basi.

Jicho la namna hiyo kwa nini? Kilindini hakuna mwanga wa jua wa kufaa. Dan-Eric Nilsson na Eric Warrant, wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walikuwa miongoni mwa waliolichunguza jicho hilo Wellington. Mwaka 2012 wao na wenzao walitoa hesabu zao, na mimi nazipenda kwa sababu zinaanzia kwenye swali la kijinga: jicho likizidi ukubwa wa jicho la papa au la samaki mkubwa, linaongeza nini? Kwa kuona vitu vidogo, karibu haliongezi chochote. Kinachoongezeka ni uwezo wa kuona kitu kikubwa sana, chenye mwanga hafifu, kwa mbali.

Kitu hicho ni nyangumi wa ambari, yule mkubwa mwenye meno na kichwa kama jengo, anayewala ngisi hawa. Nyangumi mwenyewe hang'ai. Lakini anapopita gizani anawagusa viumbe vidogo visivyohesabika vinavyotoa mwanga vikisumbuliwa, na umbo lake lote linachorwa kwa mng'ao hafifu. Kwa hesabu zao, jicho la sentimita 27 linaweza kuuona mng'ao huo umbali wa zaidi ya mita 120. Mita 120 ni urefu wa uwanja wa mpira na kidogo. Hapo ngisi anapata nafasi ya kuanza kukimbia.

Ukiwa umewahi kuendesha gari usiku Mlima Nyoka kwenye ukungu, ukaona taa za lori kama utando wa mwanga kabla hujaliona lori lenyewe, umeshaelewa.

Ana mioyo mitatu?

Ndiyo, na ngisi wa kawaida pia. Miwili inasukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja unaisambaza mwilini. Damu yenyewe ni ya bluu, kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, wakati yetu inabeba kwa chuma.

Lakini mimi ukiniambia nichague la kushangaza, nitakuacha na mioyo yako mitatu nichague koo. Ubongo wa ngisi una umbo la andazi lenye tundu, na njia ya chakula inapita kwenye hilo tundu. Akimeza tonge kubwa, linasukuma ubongo. Ndiyo maana ana mdomo mgumu wenye ncha kama wa kasuku, na ulimi wenye vijimeno: kila kitu lazima kikatwe vipande vidogo kwanza. Mnyama wa nusu tani anakula kwa adabu kuliko watoto wa bwenini.

Kabla ya 2007 walijuaje kwamba yupo?

Hasa kwa matumbo ya nyangumi. Mdomo wa ngisi hausagiki, kwa hiyo nyangumi akimla, nyama inayeyuka mdomo unabaki. Wavua nyangumi walikuwa wanaikuta tumboni kwa wingi. Hata ambari, ile nta ya kunukia waliyoiuza wafanyabiashara wa pwani yetu enzi za majahazi, inadhaniwa hutokea kwa sababu ya midomo hiyo kuyakera matumbo ya nyangumi.

Ngisi jitu alipewa jina mwaka 1857 na Japetus Steenstrup wa Denmaki, akitumia mabaki, ukiwemo mdomo wa ngisi aliyetupwa ufukweni. Ngisi dubwana alipewa jina mwaka 1925 na Guy Robson wa London. Alikuwa na nini mkononi? Vipande vya mikono vilivyotolewa kwenye tumbo la nyangumi aliyevuliwa karibu na Falkland. Mikono tu. Ni kama kumtambulisha ng'ombe kwa kwato.

Hapo baadhi ya watu wanacheka, na mimi huwa nawapeleka Rungwe. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kima fulani mwenye haya, kipunji. Watafiti wengi walidhani ni masimulizi. Wakaja wakamwona kwa macho, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona upande wa Udzungwa, msitu wa Ndundulu. Mwaka 2005 akatangazwa rasmi, lakini kwa picha. Hakukuwa na mwili, na kumuua mmoja kwa ajili ya kabati la makumbusho, wakati wamebaki wachache, kungekuwa aibu. Kwa picha hizo wakamweka kundi moja na kima waitwao mangabe.

Baadaye kipunji kijana akafa kwenye mtego wa mkulima. Mwili ule ukapimwa vinasaba, na majibu yakamsogeza karibu na nyani wa kawaida, wale wanaotumaliza mahindi. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, *Rungwecebus*. Picha ilitosha kusema yupo. Mwili ndio uliosema ni nani.

Kwa ngisi dubwana mambo yalikwenda kinyume: miili na vipande vilitangulia, picha yake akiwa hai kilindini ikaja miaka mia baadaye. Nitalifikia hilo hapa chini.

Mwili mmoja unaweza kufundisha nini kikubwa hivyo?

Mwingi. Nitoe mfano mmoja tu, wa mdomo. Mdomo wa chini wa yule wa kilo 495 ulipopimwa, sehemu inayotumika kama kipimo ilikuwa milimita 42.5. Matumboni mwa nyangumi imekutwa midomo ya aina yake inayofika milimita 49. Sasa una mizani: mdomo wa 42.5 ni wa mnyama wa kilo 495, basi mwenye mdomo wa 49 alikuwa mkubwa zaidi. Kabla ya 2007 midomo ile ilikuwa kama viatu bila mtu wa kuvivaa. Yule dubwana wetu, kumbe, hakuwa mkubwa wao.

Septemba 2014, palepale Te Papa, walimfungua mwingine wa kilo 350, aliyeletwa na meli ileile. Alikuwa jike mwenye mayai, na mwili wake ulikuwa umetunzika vizuri. Wa kwanza naye alikuwa jike. Yeye hakufunguliwa sana: alihifadhiwa kwa dawa ya fomalini, na Desemba 2008 akawekwa watu wamwone. Hapo kuna mvutano ambao kila mtunza makumbusho anaujua. Ukimpasua unajua zaidi leo, lakini aliyepasuliwa harudi kuwa mzima. Nadhani walifanya sawa. Walipompata wa pili ndipo kisu kikaingia.

Amewahi kuonekana akiwa hai kilindini?

Wote wawili, ndiyo, na kila tukio lina vituko vyake.

Ngisi jitu alianza. Septemba 2004, karibu na visiwa vya Ogasawara, Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori walishusha kamera yenye chambo mpaka mita 900. Ngisi akaja, akashambulia, mnyiri wake ukanasa kwenye ndoano. Akapambana zaidi ya saa nne, kamera inapiga picha zaidi ya 500, mwisho mnyiri ukakatika akaondoka. Kipande kile kilipovutwa melini kilikuwa na urefu wa mita 5.5, na vikombe vyake vilikuwa bado vinanata kwenye chochote kinachokigusa.

Kumpiga video kilindini kulisubiri hadi 2012. Edith Widder aliona kosa la waliotangulia: walikuwa wanashuka na taa nyeupe na injini zenye kelele. Mnyama mwenye jicho kama mpira anakuona na kukukwepa kabla hujafika. Yeye akatumia taa nyekundu, rangi ambayo viumbe wengi wa kilindini hawaioni, na badala ya chambo cha nyama akaning'iniza kifaa cha taa za bluu kinachoiga konyeza. Ngisi jitu akaja. Akarudia njia hiyo mwaka 2019, Ghuba ya Meksiko, na ngisi akaja tena.

Ngisi dubwana alichelewa zaidi. Tarehe 9 Machi 2025, roboti ya chini ya maji iitwayo SuBastian, ya Schmidt Ocean Institute, ilikuwa mita 600 chini karibu na visiwa vya South Sandwich. Kwenye kioo akapita ngisi mdogo, anayeonyesha mpaka ndani kama kioo, urefu wake sentimita 30 hivi. Wataalamu walimtazama, akiwemo Kat Bolstad, wakathibitisha: ni *Mesonychoteuthis*, mtoto. Sentimita 30! Rula ya darasani. Mkubwa wake akiwa amekomaa, huko chini anakoishi, bado hajapigwa video na mtu yeyote.

Anaweza kuzamisha meli?

Hapana. Ana nguvu mikononi, lakini juu ya maji ngisi wa kilindini ni mgonjwa au anakufa. Mabaharia wa Ulaya ya kaskazini walisimulia habari za dubwana linalovuta meli chini, na yawezekana waliona ngisi jitu anayeelea akifa wakajazia mengine. Tusiwacheke. Ziwa Ngozi nalo lina masimulizi yake, na nimeyasikia kwa watu wazima wenye akili timamu.

Ziwa Nyasa lina kina kirefu. Huenda wamo na hatujawaona?

Huulizwa sana na watu wa Kyela na Matema, na ni swali zuri kwa sababu upande wa kina wako sahihi: Ziwa Nyasa linazidi mita 700, zaidi ya pale alipoonekana yule mtoto wa ngisi dubwana. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, ngisi, pweza na dome wote duniani ni wa maji ya chumvi. Hakuna hata aina moja inayoishi maji yasiyo na chumvi. Ukimtia ngisi ziwani, maji yatamwingia mwilini mpaka afe. Pili, Nyasa ikipita mita 250 hivi haina oksijeni. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Usipa na samaki wengine wote mnaowajua wanaishi kwenye ile ngozi ya juu ya ziwa, na chini yao ni giza lisilopumulika.

Ukitaka maajabu ya kilindi cha Tanzania, tazama Tanga. Tangu 2004 wavuvi wa huko wamekuwa wakimnasa silakanti, samaki ambaye kabla ya 1938 wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dainosari. Na upande wa kusini mwa Afrika, bahari ya Afrika Kusini imeshatupa ngisi jitu ufukweni zaidi ya mara moja.

Nataka kumpasua ngisi na wanafunzi wangu. Naanzaje?

Agiza soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kwa mtu unayemwamini. Mwambie unataka mzima, hajatolewa kitu. Usiposema, atakusafishia kwa wema na utapokea kifuko kitupu. Agandishwe, afungwe nailoni mbili, awekwe kwenye deli lenye barafu, apande basi la jioni. Juni na Julai ndiyo miezi yetu, maana baridi ya Mbeya ni friji ya bure. Ukimpokea stendi ya Nanenane alfajiri, anakuwa bado amekakamaa.

Mweke kwenye beseni la maji baridi yenye chumvi, kiganja kimoja kwa lita chache, mahali pasipo na paka. Mwache mpaka kesho yake. Usichemshe maji.

Asubuhi mlaze mgongo chini, upande wenye bomba la kutolea maji uangalie juu. Kata kwa mkasi, siyo kisu, kuanzia ukingoni kwenda kwenye ncha, ukiinua ncha ya mkasi kila unapokata ili usikitoboe kifuko cha wino. Kikifunguka utaona mashavu mawili kama manyoya meupe, na chini ya kila shavu moyo wake mdogo. Kifuko cha wino kinang'aa kama ngozi ya samaki. Kitoe kizima, kitoboe, mpe mwanafunzi kijiti aandike jina lake. Nimeona watoto wasiopenda baiolojia wakitunza karatasi hiyo.

Kisha shika kitu kama plastiki kilichojificha mgongoni, vuta taratibu. Kitatoka kipande kirefu chenye kuonyesha, kama unyoya uliotengenezwa kwa karatasi ya kufungia zawadi. Hiyo ndiyo inaitwa kalamu, mabaki ya gamba la mababu zake. Mwisho geuza mikono nje kama unavyogeuza soksi, bonyeza katikati, mdomo utaruka wenyewe. Jicho liache mwisho. Ndani yake kuna lenzi ngumu kama shanga. Iweke juu ya gazeti usome.

Mkimaliza, ngisi mnampeleka wapi?

Anakaangwa. Hatutumii dawa yoyote, na mlinzi wetu ni mtu wa Mafia, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Isipokuwa midomo. Tunaiosha, tunaikausha, tunaiweka kwenye kopo la kahawa lililoko kabatini, kila mmoja na karatasi yake: tarehe, alikotoka, uzito wa ngisi mzima, nani alipima.

Mmoja hauna karatasi. Ni mkubwa kuliko yote, na ni wa mwaka ule wa maji ya moto, siku ambayo hakuna aliyekumbuka kupima chochote. Kila mwaka mwanafunzi mgeni huuona, huuliza ulitoka kwa ngisi wa kilo ngapi, nami humwambia aupime kwa rula, kisha apime ile yenye karatasi, anijibu yeye.